Kikomo bila mgawo: sehewa wa Bahari ya Hindi na tani 470,029

Tani 470,029. Hicho ndicho kikomo ambacho Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi (IOTC) ilikiweka kwa sehewa, kwa kila mwaka kuanzia 2018 hadi 2020, kwa bahari nzima kutoka pwani yetu hadi Indonesia. Idadi ilitoka kwenye fomula na ikakokotolewa hadi tani ya mwisho. Mwaka wa kwanza tu, 2018, zikavuliwa zaidi ya tani 600,000. Kikomo kilipitwa kwa karibu asilimia 30, na hapakuwa na nchi hata moja ya kuambiwa "wewe ndiye uliyezidisha", kwa sababu hakuna nchi iliyokuwa imepewa fungu lake.

Wengi hudhani kazi ngumu katika kupanga uvuvi ni kujua baharini kuna samaki wangapi. Ni ngumu kweli, lakini ukilinganisha na kugawana, hiyo ndiyo nusu nyepesi. Tuanze nayo.

Kwanza samaki mwenyewe. Kwenye mnada jina "sehewa" hubeba samaki zaidi ya mmoja. Hapa tunamzungumzia yule mwenye mistari minne hadi sita ya weusi tumboni, anayeishia kwenye makopo duniani kote, si yule mwenye madoa chini ya pezi la kifua. Karani wa takwimu asipomgeuza samaki na kumtazama tumbo, huandika wote kwa jina moja, na kosa hilo halirekebishiki tena huko mbele. Sehewa ni samaki wa haraka: hukomaa akiwa na takriban sentimita 40, kabla hajafikisha miaka miwili, na katika maji ya joto hutaga karibu mwaka mzima. Ndiyo maana anastahimili kuvuliwa kuliko ndugu zake, jodari wa mapezi ya njano na jodari wa macho makubwa, wanaochelewa kukomaa.

Hakuna anayehesabu samaki baharini. Wataalamu hujenga modeli ya kompyuta inayozaa samaki, kuwakuza, kuwaua na kuwavua, kisha huibana kwa takwimu mpaka ilingane na kile kinachoonekana bandarini. Takwimu zenyewe ni za aina nne, na kila moja ina ugonjwa wake.

Ya kwanza ni uzito wa samaki waliovuliwa. Kwenye meli kubwa inayoshusha mzigo kiwandani Victoria, Shelisheli, kuna mizani na kuna risiti. Ufukweni mambo ni mengine. Mnadani samaki huuzwa kwa fungu, kwa tenga au mmoja mmoja, na uzito hukadiriwa kwa macho. Tenga la kilo 50 likiandikwa kilo 40 kila siku, mwisho wa mwaka moja ya tano ya samaki wa bandari hiyo hawapo kwenye vitabu. Ubaya ni kwamba kosa la aina hii halijifuti lenyewe: halizidishi leo na kupunguza kesho, linavuta upande mmoja tu. Dawa yake ni rahisi, ila inachosha. Chagua matenga machache kila siku ya kazi, yapime kwa mizani ya kweli, kisha utumie wastani huo kusahihisha yaliyobaki.

Ya pili ni urefu. Samaki hulazwa ubaoni mdomo ukiwa umefungwa, akapimwa kutoka ncha ya mdomo hadi kwenye panda ya mkia. Hapimwi hadi ncha za mkia, kwa kuwa hizo hukatika kwenye barafu na kwenye nyavu. Anayetumia futi ya fundi cherehani na kuipitisha juu ya tumbo hupata urefu wa uongo, maana futi inafuata mviringo wa mwili. Modeli ikipokea samaki warefu kuliko walivyo, huamini kuwa wengi wanafikia uzee, na hivyo kuwa uvuvi si mkali.

Ya tatu ndiyo iliyoleta maafa makubwa zaidi duniani: kiasi anachopata mvuvi kwa kila siku ya kazi. Ukivua kilo nyingi kwa siku unasema samaki ni wengi, ukivua chache unasema wamepungua. Canada walitegemea sana kipimo hiki kwa chewa wa Atlantiki, ambaye si chewa wetu wa mawe. Samaki wale walipopungua walijikusanya sehemu chache, na meli zenye vifaa vya kuwatafuta ziliendelea kujaa. Kipimo kikabaki juu huku bahari ikiisha. Julai 2, 1992 uvuvi ulifungwa, na makumi ya maelfu ya watu wa Newfoundland wakakosa kazi. Meli za nyavu za kuzungusha zinazovua sehewa zina tatizo hilohilo, na zaidi, kwa sababu mara nyingi hazitafuti samaki baharini kwa macho. Zinafuata vyelezo vya kuelea vilivyotupwa majini, vyenye kifaa cha setilaiti na kipima-kina kinachomwambia nahodha akiwa mbali chini yake kuna nini. Siku moja ya kazi ya meli hiyo leo haiwezi kulinganishwa na siku moja ya mwaka 1990.

Ya nne ni alama. Kati ya 2002 na 2009 zaidi ya jodari na sehewa 200,000 walivishwa alama katika Bahari ya Hindi, wengi wao wakiachiwa mbele ya pwani ya Tanzania. Alama ni uzi mwembamba wa plastiki wenye namba, unaochomekwa mgongoni karibu na pezi la pili. Samaki akivuliwa tena, namba hueleza amekua kiasi gani na amesafiri wapi, na uwiano wa walioonekana tena hueleza uvuvi ni mkali kiasi gani. Ila hesabu hiyo hudhani kuwa wenye alama wamechanganyika na wenzao bahari nzima. Kama wengi waliachiwa sehemu moja na wakavuliwa jirani kabla ya kutawanyika, uvuvi utaonekana mkali kuliko ulivyo. Hapo ndipo wataalamu hubishana hadi usiku.

Kutoka kwenye modeli hutoka vitu vitatu vinavyohitajika: uzito wa samaki wazazi waliopo sasa, uzito wa wazazi ambao wangekuwepo kama bahari isingevuliwa kabisa, na kiwango cha kuvua kinachoweza kuwaweka wazazi pale tunapowataka. IOTC ilikubaliana mwaka 2016, katika azimio namba 16/02, kuwa shabaha kwa sehewa iwe asilimia 40 ya wazazi wa bahari isiyovuliwa. Asilimia 20 ilikuwa mpaka wa hatari. Asilimia 10 ilikuwa mwisho wa njia: wakifika hapo, uvuvi wote wa biashara usimame na kubaki wa kitoweo tu.

Fomula ya azimio hilo iliweza kuandikwa nyuma ya bahasha. Wazazi wakiwa asilimia 40 au zaidi, unazidisha kiwango cha kuvua kwa uzito wa wazazi waliopo, basi. Wakiwa kati ya 10 na 40, unapunguza kwa mstari ulionyooka: toa 10 kwenye asilimia waliyonayo, gawanya kwa 30, kisha zidisha jibu kwa zile mbili za mwanzo.

Chukua tarakimu nyepesi za kubuni. Bahari isiyovuliwa ina wazazi tani milioni 2, na kiwango cha kuvua ni 0.6. Wazazi wakiwa asilimia 40, yaani tani 800,000, kikomo ni tani 480,000. Sasa washuke hadi asilimia 25, tani 500,000. Toa 10, inabaki 15. Gawanya kwa 30, unapata 0.5. Kikomo ni 0.5 mara 0.6 mara 500,000, yaani tani 150,000. Wazazi wamepungua kwa zaidi kidogo ya theluthi, kikomo kimepungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Ndivyo inavyotakiwa. Breki inashikwa kwa nguvu mapema, kabla ya kufika ukingoni.

Lakini azimio hilohilo lilikuwa na kifungu kingine: kikomo kisibadilike kwa zaidi ya asilimia 30 kutoka kile kilichotangulia, na hesabu ifanywe upya kila baada ya miaka mitatu. Rudi kwenye mfano wetu. Kutoka 480,000 huwezi kushuka chini ya 336,000. Fomula inasema 150,000, kifungu kinasema 336,000, na kifungu ndicho kinachoshinda kwa miaka mitatu. Sababu yake inaeleweka: viwanda na meli haviwezi kuishi na kikomo kinachoruka huku na huko, na tathmini yenyewe ina makosa yake, kwa hiyo si kila mshuko ni wa kweli. Kwa samaki anayezaana kwa kasi kama sehewa, kamari hii inavumilika. Kuinakili fomula hii neno kwa neno kwa samaki wa miamba anayechukua miaka mingi kukomaa ni kukaribisha msiba.

Basi kikomo kikapatikana, kikapitwa mwaka 2018, kikapitwa 2019, kikapitwa 2020. Kikapandishwa hadi tani 513,572 kwa 2021 hadi 2023, nacho kikapitwa. Kisha tathmini ya 2023 ikaja na habari njema: wazazi wa sehewa walikuwa juu ya shabaha. Kikomo kikapanda tena hadi tani 628,606 kwa 2024 hadi 2026. Wako wanaosema hiyo inathibitisha kuwa mfumo unafanya kazi. Mimi naona inathibitisha kuwa sehewa alizaana vizuri miaka ile. Mwendesha boda anayepita taa nyekundu akafika salama hajathibitisha chochote kuhusu taa.

Kwa nini kilipitwa? Sehemu ya jibu iko kwa ndugu yake. Jodari wa mapezi ya njano alikuwa ametangazwa kuvuliwa kupita kiasi, na mwaka 2016 IOTC ikapitisha mpango wa kumrejesha. Ulikata kwa aina ya chombo: nchi ambayo meli zake za nyavu za kuzungusha zilivua zaidi ya tani 5,000 mwaka 2014 ipunguze asilimia 15, jarife iliyozidi tani 2,000 ipunguze asilimia 10, mishipi mirefu iliyozidi tani 5,000 ipunguze asilimia 10, vyombo vingine asilimia 5. Meli za kuzungusha zilipobanwa, ziliacha kuwafuata jodari wakubwa wanaoogelea wenyewe na kuhamia kwenye vyelezo, ambako wengi wa samaki ni sehewa. Sehewa wakazidi. Na chini ya chelezo, pamoja na sehewa, hukaa pia jodari wachanga wa mapezi ya njano, wa kilo chache tu, ambao hawajazaa hata mara moja. Hata pale tani za jodari wa meli hizo ziliposhuka kwenye vitabu, kwenye kila tani sasa mlikuwa na samaki wengi zaidi. Kikomo cha samaki mmoja kinapopangwa bila kumtazama anayevuliwa naye kwenye wavu uleule, matokeo ni hayo.

Mwaka wa kuhesabia nao ulikuwa mgogoro mtupu. Ukichagua 2014, aliyevua sana 2014 anatuzwa: atakatwa asilimia 15 kwenye mlima. Nchi ya pwani iliyokuwa ikijenga vyombo vyake polepole inaganda pale ilipokuwa. Aliye chini ya kizingiti hafungwi na chochote, anaweza kukua anavyotaka hadi akifikie. Kwa miaka ya mwanzo ya mpango, jumla ya jodari waliovuliwa haikushuka.

Halafu kuna mlango wa nyuma ambao ni halali kabisa. Mkataba wa IOTC unampa mwanachama siku 120 kupinga azimio, na akipinga halimfungi. Azimio la 21/01 kuhusu jodari huyuhuyu lilipingwa na India, Indonesia, Iran, Madagaska, Oman na Somalia. Wengine waliobaki walifungwa nalo, hao sita hawakuwemo. Ni rahisi kuwalaumu, ila sikiliza hoja ya upande wao: kwa miongo mingi meli za mbali zilivua ndani ya maili 200 za nchi za pwani kwa leseni, na sasa samaki wale wanahesabiwa kama historia ya nani? Ya bendera ya meli, au ya nchi ambayo maji ni yake? Kamati ya vigezo vya mgawo ilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 2011, na swali hilo moja limekula zaidi ya muongo. Tanzania na Kenya zina maslahi ya moja kwa moja hapa. Zikikubali historia ihesabiwe kwa bendera, fungu lao litakuwa makombo, maana meli za bendera zao katika bahari kuu zilikuwa za kuhesabika.

Tuseme mgawo umepatikana. Hata hapo kuna tatizo la kalenda, na sioni likizungumzwa vya kutosha. Takwimu za mwaka mmoja huwasilishwa IOTC ifikapo Juni 30 ya mwaka unaofuata, na kamati ya wanasayansi huzipitia Desemba. Ukizidisha Machi 2024, jumla ya bahari inajulikana katikati ya 2025 na kujadiliwa mwishoni mwa 2025. Azimio la 21/01 liliweka fidia kwa jodari wa mapezi ya njano: aliyezidisha akatwe tani zilezile baadaye, na aliyezidisha miaka miwili mfululizo akatwe asilimia 125 ya alichozidisha. Lakini deni linalodaiwa baada ya miaka miwili halimzuii mtu leo. Anayetaka kubaki ndani ya fungu lake lazima ajihesabie mwenyewe nyumbani, kila wiki.

Hesabu hiyo inaenda hivi. Fungu la nchi ni tani 8,000. Usipange kuzimaliza, weka alama ya kusimama kwenye asilimia 90, yaani 7,200, maana zile 800 zitaliwa na mizigo iliyochelewa kuandikwa, makosa ya majina na samaki wa vyombo vidogo. Wiki ya 30 umefikisha 5,600. Zimebaki 1,600 hadi kwenye alama. Ukitumia wastani wa mwaka mzima, tani 187 kwa wiki, utadhani una wiki nane na nusu. Ukitazama wiki nne za mwisho unaona kasi imefika 240, kwa sababu msimu umekolea na meli zote ziko mahali pamoja. Kwa kasi hiyo una wiki chini ya saba. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ni zaidi ya tani 450. Na kama taarifa za meli hukufikia zikiwa zimechelewa wiki mbili, tangazo la kufunga litoke wiki ya 34, si ya 36. Meli nazo zipewe muda wa kumaliza safari, la sivyo zitamwaga samaki baharini au kuwaandika kwa jina la samaki mwingine. Udanganyifu wa jina ni mwepesi: jodari wachanga wa mapezi ya njano na wa macho makubwa, wakishagandishwa, hufanana hata kwa mzoefu. Waangalizi wa melini, kwa kanuni ya IOTC, hutakiwa kufunika asilimia 5 tu ya kazi.

Yote haya ni kwa samaki wa tani, meli chache na bandari chache. Ukishuka kwenye mwamba wa Pemba au Songosongo, kikomo cha tani hakina maana. Nani atapima pweza wa mamia ya watu wanaotembea mwambani na fimbo za chuma, kila mmoja akiuza kwa mchuuzi wake? Hapo kinachowezekana ni kuzuia ukubwa na muda. Kanuni za Tanzania zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Inasaidia, ila ina dosari: pweza hutolewa shimoni akiwa ameshachomwa, na ndipo mtu anajua ni mdogo. Kumrudisha hakumfufui.

Kufunga mwamba kunafanya kazi vizuri zaidi. Jaribio lililojulikana sana lilianza Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004, na baadaye likaigwa huku kwetu, Kisiwa Panza na kwingineko. Pweza anaishi mwaka mmoja na ushee tu, na anakua kwa kasi ya ajabu: wa nusu kilo akiachwa miezi mitatu anapita kilo kwa mbali. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai bila kula, kisha hufa. Kwa hiyo kufunga miezi mitatu kunatosha kuongeza uzito, na kufunga mwaka mzima ni kuwaacha wafe kwa uzee.

Ukifunga mwamba mkubwa mno, watu hubanana kwenye ule uliobaki na kuumaliza. Funga sehemu ndogo ambayo kijiji kinaweza kuishi bila yake, na ichaguliwe na wanaoitumia. Kabla ya kufungua, elewaneni na mnunuzi bei na kilo, na barafu iwepo. Bila hivyo, siku ya ufunguzi pweza wanajaa, bei inaanguka mchana uleule, na faida ya miezi mitatu inakwenda kwa mwenye gari. Wekeni pia saa ya kuanza na njia za kupita, maana miguu ya watu mia tano huvunja matumbawe ambamo pweza wa msimu ujao angejificha.

Na tarehe ichaguliwe kwa mwezi wa angani, si kwa ratiba ya mgeni rasmi. Ufunguzi uwe wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mpaka mwamba ukabaki mkavu na kila mtu akaweza kuingia kwa miguu. Ukifunguliwa wakati wa maji mafu, wapiga mbizi wenye miwani huvuna peke yao, na kina mama waliokaa miezi mitatu bila kuugusa mwamba huo wanakuta mashimo matupu bamvua likija.